Nusu Volti

Watu wa Kitale husema nilikosa ile kazi ya chuo cha Bungoma kwa sababu nilikuwa na haraka. Wengine husema kichwa kilikuwa kimenivimba. Nimechoka kuwasikiliza, kwa hiyo acha niseme mwenyewe jinsi ilivyokuwa, pamoja na ile sehemu ambayo hawaijui. Sehemu hiyo hainipendezi hata mimi.

Nilifanya kazi miaka kumi na moja kwa Mzee Wakhungu, fundi wa redio na betri mjini Kitale. Niliingia dukani mwake nikiwa nimetoka tu kidato cha nne, msichana pekee kati ya wavulana watatu. Wale watatu waliondoka mmoja baada ya mwingine wakafungua maduka yao. Mimi nilibaki, kwa sababu niliipenda kazi, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba sasa nimeiva. Mzee alishughulikia betri, chaja na sola. Mimi nilipewa redio na televisheni, na baadaye simu.

Kwenye meza yake kulikuwa na mita moja ya mshale, nyeusi, nzito, yenye kioo kilichokwaruzika. Mafundi wote wa mji ule waliijua, na wateja walitoka hata Kimilili wakisema wanataka vitu vyao vipimwe na mita ya Wakhungu. Mzee alipopima betri aliutazama mshale, midomo ikamcheza kidogo, ndipo akatamka namba. Niliiona midomo ile miaka yote nikadhani ni tabia yake tu. Mimi pia niliitumia mita hiyo kila siku na sikuona kasoro, maana redio haijali nusu volti. Kwenye redio unataka kujua kama umeme umefika au haujafika, basi.

Wazo la bodi lilinijia kwa hasira. Fundi wa kwetu alikuwa na mita moja ya manjano ya Kichina, na kila kilichozidi hapo alikisia. Kapasita, kile kipande kinachohifadhi umeme, ikishukiwa, unaing'oa unaweka nyingine, na isipopona unang'oa tena. Vifaa vya kupima mambo hayo vilikuwepo, lakini vilikuwa vya maabara za watu wengine. Nilitaka bodi moja ambayo ukiichomekea kipande kimoja mbele yake inakuwa voltimita, ukiichomekea kingine inapima kapasita, na ukiichomekea cha tatu inahesabu mawimbi. Katikati yake kungekaa mikrokontrola, ile chipu yenye akili ya kompyuta ndogo, inayofanya unachoiandikia katika programu na si zaidi. Gurdev, mwenye duka la vipuri, aliniagizia chipu ya kwanza kutoka Nairobi. Siku alipoileta aliniuliza mara mbili kama nina hakika ni hiyo, kwa sababu hakuna mtu mwingine Kitale aliyewahi kuitaka.

Mwaka huo ulikuwa 2005. Michoro niliichora saiba, yaani duka la intaneti, kwenye kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, hadi mwenye saiba akawa ananiwekea. Nilichapisha mchoro kwenye karatasi laini ya jarida, nikaulaza juu ya bati la shaba, nikaupiga pasi ya makaa hadi wino ukahamia kwenye shaba, kisha nikalitumbukiza bati kwenye dawa inayokula shaba isiyo na wino. Bodi tatu za kwanza zilitoka kinyume, kushoto kulia na kulia kushoto, kwa sababu nilisahau kuugeuza mchoro kabla ya kuuchapisha. Mzee alicheka akasema hizo nimuuzie mtu wa mkono wa kushoto. Ya nne ikawa sawa. Nilipoiwashia umeme kioo chake kidogo kiliandika VOLTI 00.0, nami nikaketi sakafuni nikalia, na sioni aibu kulisema hilo.

Kiungo nilichokithamini kuliko vyote katika bodi ile kilikuwa kichipu cha miguu mitatu. Kazi yake ilikuwa kutoa volti mbili na nusu kamili, joto lije au baridi ije, ili bodi iwe na kitu cha kulinganishia kila inachokipima. Karatasi yake ya maelezo iliapa hivyo. Nami niliiamini karatasi hiyo mpaka siku niliyoipeleka bodi mezani kwa mzee.

Tulikuwa na betri moja hapo. Bodi yangu ilisoma kumi na mbili. Mita yangu ya manjano ilisoma kumi na mbili. Mita ya mzee ikasema kumi na mbili na nusu.

"Mzee," nikasema, "hii bodi inasema kumi na mbili, yako inasema na nusu. Gani iko sawa?"

Dukani alikuwepo mama mmoja wa mtaa wa Tuwan aliyekuja kuchukua redio. Mzee alimtazama yule mama kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Hiyo mita ilikuwa hapa kabla hujajua kusoma," akasema.

Mama wa Tuwan akacheka. Mimi nikahisi masikio yanawaka. Nilijiona kabinti kenye karatasi kutoka Nairobi, nasimama mbele ya watu kumuuliza aliyenifundisha kazi kama anajua kazi. Nikajiambia mita ya manjano ni takataka, na kichipu huenda ni cha bandia. Ndani ya programu kulikuwa na namba moja ambayo bodi ilizidishia kila ilichokisoma. Siku hiyohiyo niliibadilisha namba hiyo hadi bodi yangu nayo ikasema kumi na mbili na nusu, na moyo wangu ukatulia. Hilo ndilo kosa langu. Nilikuwa na chombo kinachosema kweli, nikakifundisha adabu.

Mwaka uliofuata niliionyesha bodi kwenye maonyesho ya kilimo pale Kitale, kwenye kibanda cha mafundi wa jua kali, kati ya mashine ya kukoboa mahindi na mtu wa majiko. Hapo ndipo Madam Pauline alipoiona. Alikuwa mkuu wa idara ya umeme katika chuo kimoja cha ufundi Bungoma, mwanamke mfupi mwenye maswali marefu. Aliniuliza kila kitu, hadi upana wa njia za shaba. Wiki mbili baadaye nikapata barua. Chuo kilitaka bodi ishirini za maabara, na kilitaka mtu wa kuzitunza na kubuni nyingine. Cheo kiliandikwa wazi: mbunifu wa vifaa vya maabara. Niliikunja barua ile nikaitia ndani ya Biblia, na Jumapili tatu mfululizo sikusikia mahubiri hata kidogo.

Watu wakidhani niliililia kazi ile kwa ajili ya mshahara, hawajui. Maisha yangu yote nilikuwa nikifungua vitu vilivyobuniwa na wengine. Hapo palikuwa na mlango wa kuwa mtu ambaye vitu vyake hufunguliwa na wengine, na sikujua mlango mwingine wa namna hiyo upande wetu wote.

Masharti yalikuwa mawili: nipeleke bodi sita zikaguliwe, na nije na fundi aliyenifundisha ili anisemee. Mzee alikubali mara moja. Alivaa koti lake la harusi za watu, akanyoa ndevu, na nakumbuka nilivyojivuna kuingia naye kwenye maabara ile.

Mwalimu wa vipimo aliitwa Mathenge. Hakuwa mtu mbaya, ingawa nilimchukia kwa miezi mingi. Alikuwa na mita ya mezani iliyobandikwa karatasi ya ukaguzi wa mwaka huo. Aliweka volti kumi na mbili kamili kwenye nyaya, akaunganisha bodi ya kwanza. Kioo kikaandika 12.5. Akaunganisha ya pili. 12.5. Alipofika ya sita hakuwa akinitazama tena.

"Zote sita zimekosea sawasawa," akamwambia Madam Pauline. "Bodi mbovu hukosea vile inataka. Hizi zimefundishwa kukosea."

Madam Pauline akanigeukia. "Nasambu, ulilinganisha na nini?"

"Na mita ya dukani," nikasema. "Mita ya mzee."

Wote wakamtazama Mzee Wakhungu. Hapo sikuwa na wasiwasi bado. Nilidhani mita imeharibika karibuni bila yeye kujua, na kwamba atashangaa kama nilivyoshangaa, aseme ngoja tuikague, nasi tuombe siku mbili.

"Mzee, hiyo mita yako iko sawa?" Mathenge akauliza.

Mzee akavuta koti lake mbele. "Hiyo mita nimefanya nayo kazi karibu miaka thelathini," akasema. "Watu wote wa Kitale wanaijua."

Wala hakudanganya. Madam Pauline akashusha pumzi, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema kwa upole kwamba basi itakuwa hesabu ya msichana. Nilimtazama mzee. Yeye alikuwa akitazama dirisha. Nilizikusanya bodi zangu moja moja nikazifunga kwenye gazeti, na hakuna aliyenisaidia.

Mzee alibaki Bungoma kumwona dada yake. Mimi niliposhuka Kimilili nilikwenda moja kwa moja kwa Levi, mmoja wa wale wavulana watatu, aliyekuwa na duka lake hapo sokoni. Nilitaka tu mtu wa kuniambia pole. Nikamweleza yote huku akichomelea waya, na nilipofika kwenye mita akaweka solda chini.

"Ati uliseti na mita ya mzee?" akasema. "Na ukatoa nusu?"

"Nusu gani?"

"Si hiyo mita inasomanga juu? Kila kumi na mbili unatoa nusu. Radi ilichoma rezista yake kitambo, mzee akaweka yenye alipata, ikakataa kutoshea. Nasambu, bana. Kwani hakukuambianga? Sisi alituambia wiki ya kwanza. Alisema hiyo ni ya watu wa duka, isitoke nje."

Nilimuuliza sisi nani. Akataja majina ya wavulana wote watatu, ndipo yeye mwenyewe akasikia alichokisema. Alinipa kiti. Sikukaa.

Nilipofika Kitale niliirudisha ile namba kama ilivyokuwa mwanzo, katika bodi zote sita, na kazi hiyo haikuchukua hata saa moja. Zikasoma kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Kesho yake nikampigia simu Madam Pauline. Nikamweleza, bila kumtaja mzee, kwamba kosa nimelipata na bodi sasa ni kamili.

"Nakuamini kwamba leo ziko sawa," akasema. "Lakini kifaa cha kupimia si kama redio, mwanangu. Ukinibadilishia namba leo, nitajuaje kesho hutabadilisha tena mtu akikukoholea? Mwalimu Mathenge ameshaandika ripoti. Tutachukua za Nairobi."

Nilimshukuru. Hata leo sioni pale alipokosea.

Mzee aliporudi nilingoja wateja waishe, nikafunga nusu ya mlango. Nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini lilitoka hilo tu.

"Siku ile uliuliza kulikuwa na mteja," akasema. "Huwezi sema mita ya duka ni mbaya mbele ya mteja. Duka itabaki na nini?"

"Na Bungoma? Kulikuwa na mteja?"

Mzee alichukua kitambaa akaanza kuifuta mita, polepole, kioo kisha pembeni.

"Na wiki yangu ya kwanza, mzee? Levi aliambiwa. Wenzake waliambiwa."

"Hao nilijua ni mafundi," akasema. "Wewe nilidhani utaolewa mwaka huohuo uende. Siri ya duka haiwezi kwenda jikoni kwa watu. Halafu miaka ikapita, nikaona umeshazoea."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Miaka kumi na moja nilikuwa nikimfungulia duka, nikimpelekea mkewe Mama Agneta unga wa wimbi kutoka kwetu, nikimtetea mbele ya mafundi waliosema amepitwa na wakati. Muda huo wote alikuwa akinihesabu kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Nilimwomba aende Bungoma, au aandike tu barua, aseme kosa lilitoka kwenye mita. Akasema katika umri wake hawezi kujipaka matope. Nikamwambia basi mimi nimepakwa. Akasema mimi bado kijana, nitaoga.

Jumamosi hiyo mzee alikwenda mazishi Kamukuywa, nami nikabaki dukani peke yangu. Niliifungua mita. Rezista aliyoiweka, kile kipande cha kupunguza umeme, ilikuwa hapo, imeunguzwa kwa solda nyingi, kazi ya mtu aliyekuwa na haraka. Niliipima, nikapiga hesabu, nikaongeza rezista ndogo mbele yake, nikapanga kila kitu kirudi kilipokuwa. Niliweka mita na bodi yangu kwenye betri moja. Zote mbili zikasema kumi na mbili. Nilikuwa nimekusudia kumwambia Jumatatu. Nasema kweli, nilikuwa nimekusudia. Hata maneno niliyapanga: mzee, nimeitengeneza, sasa usitoe kitu.

Jumatatu asubuhi alikuja Kinyua, mwenye duka la kinyozi Tuwan, na chaja ya betri yake ya kunyolea umeme ukipotea. Nilikuwa nimesimama karibu, nikingoja nafasi ya kusema. Mzee alikuwa na furaha siku hiyo. Akanionyesha kwa kidole.

"Huyu unamjua? Huyu alinipeleka Bungoma nikaaibike mbele ya walimu," akasema, na wakacheka wote wawili. "Msichana na hesabu, bwana."

Nikayameza yale maneno niliyoyapanga. Mzee akaiunganisha chaja, akautazama mshale, midomo ikamcheza. Akazungusha skrubu yake hadi mshale ukasimama kwenye kumi na tano, ambayo kwake ilikuwa kumi na nne na kitu, mahali ambapo betri hujaa bila kuchemka. Lakini sasa kumi na tano ilikuwa kumi na tano. Nililiona hilo kwa macho yangu. Nikarudi kwenye meza yangu nikaendelea na simu niliyokuwa nayo.

Kinyua alirudi baada ya siku nne, suruali imetoboka kwa asidi, betri imechemka hadi imebenuka. Aligomba barabarani, watu wakasimama. Mzee aliomba msamaha akasema huenda alisahau kuzungusha vizuri. Wiki iliyofuata ikawa chaja ya kanisa. Kisha ikawa sola ya mtu wa Kamukuywa. Kila mara mzee aliitazama mita, halafu akavitazama vidole vyake mwenyewe, kama mtu anayehesabu watoto na mmoja hayupo. Mita hakuishuku hata siku moja. Alichokishuku ni kichwa chake.

Nilifurahi. Ningependa kusema sikufurahi, lakini nilifurahi kwa muda wa mwezi mzima, kisha furaha ikaisha na kimya kikabaki, na sikujua tena jinsi ya kukivunja. Aliacha kupokea betri. Halafu akaacha kuja. Mwisho wa mwaka akafunga duka, na mita akaifungia kwenye sanduku la bati nyumbani kwake, maana hakuna mwanawe aliyeitaka.

Mama Agneta alinijia nilikokuwa nimepanga chumba changu cha kazi. Aliketi, akavua kitambaa cha kichwa, akasema mzee halali vizuri. Ati kutwa anajipima kwa hesabu za watoto wa darasa la tatu, akikosea moja anaanza zote upya. Akaniomba niende nikazungumze naye, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote.

Nilikwenda siku ya pili, mchana. Nilimkuta kwenye kiti nje ya mlango, amekonda shingo. Tukasalimiana, akauliza habari za bodi, nikasema naendelea nazo kidogo kidogo. Mama Agneta alituletea chai akatuacha. Mzee akakisukuma kikombe chake pembeni.

"Nasambu," akasema, "wewe ulikuwa hapo na macho yako ni mazuri. Zile chaja. Nilikuwa nakosea hesabu?"

Alinitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya kule Bungoma. Jibu la kweli lilikuwa fupi, lingemponya mchana uleule, na nilikuwa nalo mdomoni.

"Ulikuwa unakosea, mzee," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akanishukuru, akasema wengine wote wanamficha, afadhali mimi nimemwambia ukweli.